Sahani ya Mgeni wa Nyumba

Nuru alikuwa amekwisha kula nusu ya samaki ndipo alipogundua kwamba hajatema mwiba hata mmoja.

Changu, kwa asiyemjua, si samaki wa mtu mwenye haraka. Ana miba ya mbavuni, ana ya mgongoni, na ana ile midogo inayojificha karibu na kichwa ikimvizia mtu anayeongea huku anakula. Watoto wa Mtwara hufundishwa kumla kabla hawajafundishwa kusoma. Kwa hiyo Nuru, aliyezaliwa Mikindani na kukulia jikoni kwa mama yake, aliacha kutafuna, akamfungua yule samaki kwa vidole kutoka kichwani hadi mkiani. Minofu ilikuwa pale, myeupe, imelala katika umbo lake, na ngozi ya juu haikuchanika popote. Miba haikuwemo.

"Mama Rozalia," akauliza, "siku hizi unatoa miba?"

Mama Rozalia, mpishi, Mmakonde wa Kitaya mwenye mdomo mwepesi, alimjibu kwamba siku atakapoanza kuwatolea miba watu wazima ndiyo siku atakapoanza na kuwatafunia. Yeye alipaa magamba, akatoa matumbo, akamchemsha kwa tui. Basi. Wakacheka, na Nuru akaimaliza sahani, maana chakula hakitupwi. Laiti angekitupa.

Sahani ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Bwana Mikaeli wa chumba namba saba, na Bwana Mikaeli jioni hiyo alikuwa kwake Dodoma, anakula ugali na wanawe.

Hili linahitaji maelezo. Hoteli Marahaba ni ya ghorofa moja, iko Mtwara mjini, na mwenyewe ni Asia, mama yake Nuru, mjane asiye na mtoto mwingine. Wageni wake ni watu wa kazi: wanunuzi wa korosho, wakaguzi wa mabenki, mafundi wa gesi, watafiti wanaokwenda Naliendele. Watu hawa hoteli zote huwagombania. Huyu anawapa kadi ya pointi, yule anawafulia mashati bure, mwingine anawapa usiku wa bure wakishalala mara kadhaa. Asia alijaribu usiku wa bure akaona wenzake wanautoa pia, tena kwa vyumba vyenye mabafu mazuri kuliko yake. Ndipo alipokumbuka sahani.

Kwao Mikindani, mtu wa nyumba akisafiri, jioni alipakuliwa sehemu yake vilevile. Sahani iliwekwa mahali pake, ikafunikwa kawa, na aliyebaki hakuigusa mpaka wakubwa wamemaliza kula. Mama yake alisema msafiri anayewekewa sahani hapotei njia. Asia akaigeuza desturi hiyo kuwa zawadi ya wageni wanaorudi. Ukishakuja Marahaba vya kutosha unaitwa Mgeni wa Nyumba. Msimu wa korosho ukiisha na vyumba kuwa vitupu, chako kinatandikwa kila siku kama upo, jioni unawekewa sahani yako, na picha yake unatumiwa kwenye simu huko uliko. Wako mabwana wenye suti zao walioipokea picha hiyo wakafuta machozi kikaoni. Walirudi, na wakaja na wenzao. Nuru akaifundisha simu ya hoteli kumjibu yenyewe mtu yeyote mwenye namba ngeni, maana watu wa biashara hawapendi kusubiri: *Karibu Hoteli Marahaba. Hapa wewe si mteja, ni mgeni wa nyumba. Chumba chako kipo na sahani yako ipo mezani.*

Mikaeli, mkaguzi wa ubora wa korosho, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa heshima hiyo, na hakuna mgeni aliyependwa kama yeye. Asia alikuwa kwake "Mama Nuru", na Nuru alikuwa "mwanangu". Kumjua mgeni ndiyo kazi ya hoteli, na Marahaba ilimjua. Daktari alimkataza chumvi kwa ajili ya presha, basi chakula chake kikapikwa bila chumvi. Safari moja Nuru alifukiza udi chumbani ili kuondoa harufu ya sigara za mtu mwingine, Mikaeli akausifu, basi udi ukawa wa kila siku. Mwanga mkali ulimuumiza macho, ikafungwa taa hafifu. Alipenda mashuka meupe yenye marashi ya waridi, akatandikiwa. Kila jambo lilikuja kwa mlango wake na kwa sababu yake njema, na Asia, mtoto wa Pwani wa kuzaliwa, hakuwahi kusimama akayatazama yote kwa pamoja. Biashara ikishamiri mtu hapendi kuchungulia chini ya mkeka.

Basi kila jioni baada ya adhana ya magharibi Nuru alipanda na sahani, akaiweka mezani, akawasha udi kwenye chetezo, akasema, "Karibu, mgeni wetu," akapiga picha, akafunga mlango. Baadaye aliishusha sahani, ikaliwa na wafanyakazi.

Siku ya pili baada ya samaki yule ilikuwa zamu ya kuku. Sahani iliporudi jikoni, Mama Rozalia alimgusa kuku kwa mwiko naye akalala kama soksi iliyovuliwa. Paja lilikuwa paja na kidari kilikuwa kidari, ila ndani hapakuwa na kitu cha kumsimamisha. Mara hii Mama Rozalia hakucheka. Aliosha mikono mara mbili, akasema yeye sahani ile hali tena, na wenzake wakamfuata. Nuru peke yake aliendelea kuila. Alisema ni tamu, na kwamba nyama isiyo na mfupa ni neema.

Asia alipoambiwa alisema ni paka. Aliulizwa paka gani anayekula mfupa akaacha mnofu, akasema wapo.

Asubuhi moja Dickson, mkaguzi wa benki aliyelala chumba namba sita, alimwita pembeni wakati wa chai. Alikuwa kijana mstaarabu, na ilionekana anaona haya kusema.

"Sina malalamiko, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Jirani yangu wa namba saba ni mtu wa adabu sana. Ila anaongea nami ukutani."

Asia alimuuliza anasema nini.

"Ananiuliza kama nimekula. Namjibu nimekula, ahsante. Nifanyeje, mama, mtu akikuuliza kwa upole? Jana akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia samaki." Dickson alizungusha kikombe chake. "Akaniuliza, na miba yake?"

Namba saba ilikuwa tupu, na Asia ndiye aliyekuwa na ufunguo. Hakumwambia. Alimwambia huenda ni redio ya mlinzi, na Dickson akakubali haraka kama mtu anayetaka kukubali, kisha akafungasha mchana huohuo na kuondoka, akiuacha usiku aliokwisha kuulipia.

Asia akapanda juu. Jua lilikuwa limewaka, dirishani watu walikuwa wanapita na shughuli zao, na hilo lilimpa moyo mpaka alipofungua mlango. Chetezo kilikuwa cha baridi lakini chumba kilinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya tope la mikoko maji yakishatoka, kama kule mto Ruvuma unakomwagikia baharini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, pembe za shuka zimebanwa kama Nuru alivyozibana. Katikati palikuwa pamebonyea kwa urefu wa mtu. Asia aliweka kiganja pale. Palikuwa na joto.

Alirudi nyuma mpaka mlangoni bila kugeuka, akafunga, akasimama ukumbini akijiambia kwamba godoro lililo karibu na dirisha hushika jua. Dirisha lilikuwa upande wa pili.

Jioni ile simu ililia. Mikaeli alikuwa amejibu picha yake. *Ahsanteni sana, Mama Nuru. Mungu awabariki. Ila leo mbona kiti kimevutwa nyuma, kama kuna mtu anataka kukaa?*

Asia aliikuza picha. Kiti kilikuwa kimevutwa kweli, na mto wa kiti ulikuwa umedidimia. Akamwita Nuru, akamwonyesha.

"Nilimvutia mimi," Nuru alisema.

"Ulimvutia nani?"

"Mgeni, mama. Si vizuri avute mwenyewe."

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza alivyopiga deki, na Asia, ambaye hapo ndipo angetakiwa kupiga kelele, alimwambia tu akalale mapema. Alikuwa ameogopa. Aliogopa hasa kuuliza swali la pili.

Tangu hapo Nuru alianza kumponyoka. Kwanza aliacha chumvi. Alisema inamuunguza, akasukuma hata mayai yaliyotiwa punje mbili. Kisha akaacha kukaa mapokezi, akawa anapanda namba saba baada ya swala ya alasiri na kushuka giza likiingia, nguo zake zikinuka udi na tope. Asia alisimama nje ya mlango akamsikia binti yake anacheka kicheko cha chini, kisha kimya, kisha anajibu, "Hapana, yeye hajui," kisha kimya tena kirefu, kimya cha mtu anayesikiliza. Alimfungia mlango kwa ufunguo, Nuru akaingia vilevile. Alimuuliza anafunguliwa na nani, naye Nuru akamtazama mama yake kwa huruma, kama Asia ndiye mtoto na yeye ndiye mkubwa.

Siku ya Jumamosi, mchana mweupe, mabati ya jikoni yakitatarika kwa jua, Asia aliingia kutafuta ndimu akamkuta Nuru amechuchumaa penye ndoo ya takataka. Alikuwa anatafuna. Alitafuna taratibu, kama mtu anayekula karanga, na kila alipotafuna kilisikika kitu kinavunjika.

"Nuru."

"Abee, mama." Adabu yake ilikuwa ileile.

"Unakula nini?"

Nuru alifungua kiganja. Ilikuwa miba ya changu wa mchana, ya sahani za wageni, na midomo yake ilikuwa imechanika inatoka damu. "Yeye kila siku ananiachia minofu," alisema. "Nimeona aibu kula kitamu peke yangu."

Asia alipiga magoti, akaingiza vidole kinywani mwa binti yake, akaitoa miba mmoja mmoja kama alivyomtolea mchanga alipokuwa mtoto wa kutambaa, na alikuwa analia kwa sauti bila kujali nani anamsikia. Mama Rozalia aliyekuwa mlangoni alisema kwa kunong'ona kwamba kwao Kitaya watu wangekuwa wameshaondoka nyumba hii zamani. Asia akamwambia nyumba anaweza kuiacha leo hii. Mwanawe atamwachaje?

Akamwita Mwalimu Amiri. Huyu alikuwa kijana wa Mikindani, asubuhi anafundisha watoto Kurani chuoni na mchana anatengeneza mafriji, na kwa kweli Marahaba ilimjua kwa mafriji zaidi kuliko kwa dua. Alikuja na mfuko wake wa bisibisi begani na msahafu kifuani. Alisimama mbele ya namba saba, Nuru akiwa ndani, akaanza kusoma kwa sauti nzuri iliyonyooka, na mwanzoni ilionekana kama mambo yatakuwa mepesi, maana harufu ya tope ilipungua na ukumbi ukawa na hewa, kisha akafika mahali pa kuvuta pumzi, akavuta, na katika nafasi ile ndogo ya pumzi moja sauti ikatoka upande wa pili wa mlango, si ya Nuru, si ya mwanamume wala ya mwanamke, sauti ya mwenyeji mwema anayemwona mtu amechoka njiani, ikasema, "Mwalimu, umekula?"

"Nimekula," Amiri akajibu. Mdomo ulimtangulia.

Akafunga msahafu. Alikwenda kukaa kwenye ngazi. Kisha akaanza kumuuliza Asia. Chakula cha chumba kile kinapikwaje? Bila chumvi. Kinafukizwa nini? Udi. Mashuka? Meupe, yana marashi. Taa? Hafifu. Na sahani inapowekwa, nani anakuwa ndani? Hakuna mtu. Na anayeweka husema nini? Husema karibu, mgeni wetu, Asia akajibu, na hapo akajisikia, maana kwa mara ya kwanza alikuwa ameyatamka yote kwa mfululizo, na kila mtoto wa Pwani anajua ni nani wanaopikiwa bila chumvi na kufukiziwa udi penye chumba kitupu.

"Aliyevunja mlango ningemsomea akatoka," Amiri alisema. "Huyu hakuvunja. Mmempikia, mmemtandikia, mkamwambia karibu, kila jioni, na picha mkapiga. Mimi nisome nini hapo?"

"Binti yangu, Mwalimu."

Amiri alifikiri. "Sahani ile ni ya mtu. Mwenyewe aje aile kwa mkono wake, ikiwa na chumvi. Mwenye sahani akikaa, aliyekalia nafasi yake hana kiti. Na tangu hapo mtu wa nyumba hii asimkaribishe huyo tena, kwa mdomo wala kwa maandishi."

Asia aliuliza akitoka atakwenda wapi.

"Sijui. Huenda akarudi alikotoka. Huenda akamfuata mwenye sahani mpaka kwake. Kwa hiyo mwambie huyo bwana ukweli wote, mama, achague mwenyewe."

Asia aliahidi. Alikuwa mkweli wakati anaahidi, na aliendelea kuwa mkweli mpaka alipoishika simu. Mikaeli alipokea kwa furaha, nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu na sauti ya mwanamke ikiwatuliza, na juu, namba saba, Nuru alikuwa anacheka. Ukimwambia mtu njoo ule na jini, atakuja? Na asipokuja? Asia akasikia ulimi wake unasema kwamba Marahaba mwaka huu inawashukuru wageni wake waaminifu, kwamba yeye amechaguliwa wa kwanza, tiketi ya ndege juu ya hoteli, chumba juu ya hoteli, na karamu ya heshima.

"Mama Nuru," Mikaeli akasema, "kazini kwangu nimekaa miaka, hata siku yangu ya kuzaliwa hawaijui. Nakuja."

Alikuja na boksi la zabibu za Dodoma kwa ajili ya Nuru. Aliambiwa Nuru ana homa, akasikitika, akasema atazikuta akipona. Kabla ya magharibi alioga, akavaa shati safi kama mtu anayekwenda harusini, akakaa mezani namba saba mbele ya changu wa nazi na wali. Ukumbini Mama Rozalia alikuwa amemkumbatia Nuru kwa nguvu zake zote, na Amiri alikuwa kwenye ngazi midomo yake inacheza bila sauti. Asia alisimama nyuma ya mgeni wake na kibakuli cha chumvi.

"Daktari atanigombeza," Mikaeli alisema.

"Leo tu, kaka Mikaeli."

Asia akaitia mwenyewe. Ikamwagika nyingi. Mikaeli alifumba macho akaomba kwa imani yake, akamega, akala tonge la kwanza, na papo hapo harufu ya tope ikaja kutoka upande wa kitandani, nzito, ya chumvichumvi, ya majani yaliyooza, taa ikafifia, na kiti cha pili kilichokuwa ukutani kikaanza kusogea kidogo kidogo kuelekea mezani, kikikwaruza sakafu, na Mikaeli hakukitazama, au hakukiona, alikuwa anakula kwa haya ya mtu anayetazamwa, akatema mwiba, akauweka pembeni ya sahani, akamega tena akatema miba miwili, akamega tena akatema mingi, na Asia akaona kwamba miba ile ni mingi kuliko samaki mwenyewe, miba ya changu na ya samaki tasi, na vifupa vya kuku, ilitoka kila alipofungua kinywa, ikapanda kwenye ukingo wa sahani ikawa kichuguu, yote iliyokuwa imepotea jioni baada ya jioni, naye Mikaeli anaitoa kwa vidole kwa aibu akisema samahani, samahani, Mama Nuru, huku nje Nuru analia kilio kirefu kama cha mtu anayeagwa, mpaka wali ukaisha, samaki akaisha, na kiti kikasimama.

Mikaeli alijifuta midomo. Alijaribu kutabasamu.

"Samaki wa leo ana miba," alisema.

Harufu ilikuwa imeondoka. Mlango ukafunguka, Nuru akasimama hapo amekonda, macho yake yamerudi kuwa yake, akitazama watu wote kama aliyeamshwa usingizini. "Mama, nina njaa," alisema. "Naomba mayai. Na chumvi." Asia alimshika akamng'ang'ania, na furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa usiku mzima hakumkumbuka mgeni wake.

Alimkumbuka asubuhi. Mikaeli alishuka na begi lake, akaaga watu wote, akamkabidhi Nuru zabibu mkononi. Alipofika mlango mkubwa alitoka, kisha akaushika mlango wazi nyuma yake, akaushika muda mrefu kidogo, kama mtu anavyomshikia mwenzake anayekuja. Halafu akaenda kwenye bajaji. Aliingia, akasogea mpaka pembeni kabisa, begi akalipakata magotini, akaacha nafasi ya mtu.

Asia aliliona hilo. Angeweza kupiga kelele, bajaji ilikuwa bado haijawashwa. Nuru alikuwa amesimama kando yake anakula zabibu, mashavu yameanza kupata rangi. Asia akainua mkono, akapunga.

Namba saba ikageuzwa stoo ya magodoro. Asia alibandua tangazo la Mgeni wa Nyumba pale mapokezi, akawaambia wageni kwamba siku hizi wanapewa usiku wa bure kama kwingine kokote, na wafanyakazi wote wakakatazwa kutaja neno karibu kule juu. Mara kwa mara aliichukua simu ili ampigie Mikaeli, akaiweka. Alijiambia kwamba mtu akiwa na shida husema. Mvua za masika zikaanza, Nuru akanenepa, na Mama Rozalia akarudia mizaha yake.

Adhuhuri moja ya mvua walikuwa wamekaa mezani, mama na binti, kila mmoja na changu wake, chumvi katikati yao. Simu ya hoteli ikalia. Namba ilikuwa ngeni.

*Shikamoo Mama Nuru. Mimi ni Raheli, mke wa Mikaeli. Samahani kwa kukusumbua. Tangu atoke kwenu mume wangu hagusi chumvi, na kila jioni anataka nimpakulie mwenzake sahani. Watoto wanaogopa. Mimi namwona peke yake, ila nimechoka kubishana, naiweka. Leo ameamka ananihimiza nikuandikie. Anasema mwenzake amepakumbuka kwenu, anapiga hodi.*

Asia alisoma mara moja. Moyo wake ulikuwa bado uko kwa Raheli, kwa watoto wale aliowasikia wakigombana nyuma ya simu, na haya ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, ndiyo maana hakuwahi kufikiri kwa haraka iliyotakiwa. Kidole kilikuwa njiani kuizima simu. Chini ya maneno ya Raheli, simu ikajibu yenyewe, kama Nuru alivyoifundisha zamani, na hakuna aliyekumbuka kuisahaulisha.

*Karibu Hoteli Marahaba. Hapa wewe si mteja, ni mgeni wa nyumba. Chumba chako kipo na sahani yako ipo mezani.*

Alama mbili zilitokea, zikawa za bluu. Ujumbe ulikuwa umesomwa.

Mvua ilikuwa inapiga mabati na Asia hakusikia kitu kingine. Aliinua macho. Nuru alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anamfungua samaki wake kwa vidole, polepole, kutoka kichwani hadi mkiani.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua uso, "leo Mama Rozalia ametoa miba?"